Ubeti Uliokosa Jibu

Chiriku alikosa, na kosa lake hamfichi Mola hata leo. Jirani yake Tetere, ndege mzee, alimtungia ubeti akangoja jibu, maana kwao ubeti hujibiwa kwa vina vilevile:

"Mwenzangu nakuuliza, nani tabaki mtini?"

Chiriku akacheka. "Babu we, bado unahesabu mizani kama kuku anayehesabu vifaranga? Siku hizi tunaimba lijalo mdomoni!"

"Imba, mjukuu wangu," Tetere akasema akikohoa. "Ila unijibu kabla sijaondoka."

"Kesho, Babu."

Kesho ikazaa kesho. Asubuhi moja Tetere akakutwa chini ya mti, amekwisha kukauka. Chiriku akataka kulia ovyo, kama alivyozoea kuimba, lakini kilio kikamtoka kimepimwa:

"Nimebaki nakuwaza, nalia hapa tawini."

Vina vikakaa, mizani ikatimia. Ndege wote wakamsifu. Yeye akageukia kiota cha Tetere, akasubiri sauti ile ya kikohozi imwambie, "Sasa umenijibu." Kiota kilikuwa kitupu.

Basi, ndugu yangu, kama yuko mzee aliyekutungia ubeti, nakuomba umjibu leo.