Msikizi wa Tumbo la Sikudhani

Madaktari wakishindwa kuutambua ugonjwa, sheria ilimpa mgonjwa msikizi: mtu baki anayevishwa kifaa shingoni kilichounganishwa na cha mgonjwa, ayasikie maumivu ya mgonjwa mwilini mwake mwenyewe na kuyaeleza. Tumbo lilimsumbua Sikudhani miaka tisa bila vipimo kuonyesha kitu. Akapewa Lyimo, fundi saa wa Moshi.

Wivu ukamla Mbaraka, mumewe. Yeye ndiye aliyemkorogea uji miaka yote hiyo, lakini sasa mkewe akijikunja tu, simu inalia, ni Lyimo.

“Pole, dada. Ya leo yanachoma chini ya mbavu, eti?”

“Hapo hapo, kaka!”

Ugonjwa ulipojulikana na dawa kupatikana, Mbaraka alichinja kuku.

“Kesho wanakuvua kifaa,” alisema kwa furaha.

Sikudhani akakifunika kwa viganja. “Waambie bado naumwa.”