Muujiza wa Dakika Ishirini

"Mooo!" Profesa alilia kama ng'ombe, magoti yake zuliani na tai ikiburuta chini. Binti wa miaka kama mitano aliyeketi mbele yake hakucheka. Hakumtazama hata. Alikuwa amekunja mikono mapajani, macho yakiwa mlangoni.

"Mmeona?" Profesa aliwageukia wazazi na wafanyakazi waliokaa kwenye viti ukutani. "Hakutazami usoni. Haongei. Vitu vya kuchezea vimejaa hapa, hagusi hata kimoja. Huu ni usonji wa kitabuni kabisa. Andikeni."

Kalamu zikakimbia.

Mkurugenzi wa kituo hiki cha watoto wenye usonji ndiye aliyemwalika, yeye na Mbinu yake ya Dakika Ishirini, aliyodai humfanya mtoto wa namna hiyo aseme. Ili watu wasije wakasema mambo yamepangwa, Profesa alitaka aletwe mtoto mgeni, ambaye hakuna mtu kituoni aliyewahi kumwona. Walipofungua chumba asubuhi ile, mtoto alikuwa ameshakaa zuliani, tena peke yake. Profesa alifurahi. Kwake yeye, akina mama walikuwa wanaharibu kazi.

Mtu mmoja tu hakuandika kitu. Huyo alikuwa mtaalamu wa tiba kwa michezo, ambaye watoto wa kituo walimwita Shangazi. Kazi yake ilikuwa kukaa chini na kumfuata mtoto kule mtoto anakotaka kwenda. Kulikuwa na mmoja ambaye tangu siku ya kwanza alizungusha gurudumu la gari bovu la kuchezea, basi. Shangazi naye akatafuta gurudumu lake, akakaa kando, akazungusha. Mwezi wa tatu, mtoto yule alinyoosha mkono, akalisimamisha gurudumu la Shangazi, akamtazama machoni, kisha akaliachia. Siku hiyo Shangazi alijifungia stoo akalia kwa furaha.

"Miezi mitatu kwa gurudumu moja!" Profesa alikuwa amesema alipohadithiwa, na chumba kizima kikaangua kicheko. Mkurugenzi alicheka kuliko wote. Mbinu ikifaulu leo, kuanzia Jumatatu kituo kingeifuata hiyo, na Shangazi angepelekwa kupanga mafaili.

"Profesa," Shangazi alisema sasa, "mbona huyu mtoto anatazama mlango tu? Labda kuna mtu anamngoja. Tungemuuliza..."

"Mtoto wa namna hii haulizwi, dada yangu. Anaamshwa."

Akaanza kumwamsha. Alipiga ngoma. Akawa simba, akawa gari la wagonjwa, akawa chura. Alimsukumia vipande vya mbao vya rangi, binti akarudisha mikono nyuma kama aliyeonyeshwa moto.

"Woga wa kugusa! Andikeni!"

Dakika ya kumi na tisa, chura aliruka vibaya. Kichwa kikagonga meza kwa kishindo, miwani ikaenda kivyake.

Binti akaziba mdomo kwa mikono miwili. Akatazama mlango, akamtazama Profesa.

"Pole," alisema kwa sauti ndogo.

Chumba kililipuka kwa makofi. Mama mmoja aliyeacha nyumbani mtoto asiyesema alisimama huku machozi yanamtoka, akauliza kama wake anaweza kuanza kesho. Profesa aliinuka, nundu inamchomoza kwenye paji la uso, na hakuishika kwa jinsi alivyokuwa ameshughulika kuwapungia watu mkono.

"Neno! Tena si neno tu, ni huruma! Mtoto huyu hajawahi kumpa mtu pole tangu azaliwe!"

Mkurugenzi hakungoja chai. Alitandaza karatasi za mkataba palepale juu ya meza, akaweka sahihi, akamwita Profesa kaka. Shangazi akachukua boksi, akaanza kukusanya vitu vyake kutoka kwenye rafu, kimoja kimoja.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Mwanamke mwenye aproni ya buluu na ndoo mkononi alisimama pale, akishangaa makofi.

"Samahanini wakubwa, sikujua kama kuna watu. Korido ilikuwa na maji, nikamwambia huyu mwanangu akae humu, asiguse kitu cha watu wala asimsemeshe mtu." Akamshika binti mkono, kisha akakumbuka jambo. "Halafu kuna mama pale mapokezi na mtoto wake. Tangu asubuhi anauliza, Profesa atawaona saa ngapi?"