Nyati Asiyepiga Magoti

Paliondokea Nyati mwenye majivuno, aliyeshinda kutwa amejilaza topeni. Alimcheka sana jirani yake Ngiri, ambaye kila mzigo aliuinua kwa kupiga magoti.

"Mzee Nyati, nawe kunja magoti, utakuja kuumia kiuno," Ngiri alimwonya.

"Mimi? Magoti ni ya wanyonge!"

Siku ya harusi ya bintiye, Nyati aliinamia gunia la mtama mlangoni, miguu imenyooka kama nguzo. Kiuno kikalia ka! Akabaki hivyo hivyo, kichwa chini, hainuki wala haketi.

Wageni wakafika, wakadhani mwenye nyumba ameinama kuwaamkia. Hata Panya, aliyezaliwa juzi tu, alimgusa pembe, akakohoa kiutu uzima, akaitikia, "Marahaba, mwanangu!"