Ilipoishia

Tik. Tik. Tik.

Sebule ilikuwa giza, taa imezimwa ili picha ionekane vizuri, na kitufe cha rimoti kilikuwa kinalia mkononi mwa Bibi Générose. Emelyne alikuwa amepumzisha macho kidogo tu. Alipoyafungua, harusi kwenye televisheni ilikuwa inakwenda kinyumenyume, wageni wanatoka kanisani kwa kisogo.

"Mama, si ndo kwanza kimeanza?"

"Niache kidogo, mwanangu. Nataka tuone ilipoishia."

Emelyne akaegemea ukuta. Alfajiri alikaanga vitumbua, mchana alikuwa shambani, jioni darasani. Kugombania rimoti na mama mkwe hakukuwa na nafasi mwilini mwake.

Neno hilo, ilipoishia, ndilo lililokuwa linaivuruga nyumba yao hapa Nsemulwa. Ni kale kakipande ka mwanzo, mtafsiri anapokohoa, anatamka "Ilipoishia" kwa sauti nzito, kisha yanaonyeshwa kwa ufupi yaliyopita. Apolinari, anayejazia watu tamthilia kwenye flashi kule Majengo, alikuwa na wateja wa aina mbili: wanaotaka akabakize na wanaotaka akakate.

"Kwenye TV sawa, mtu anasubiri wiki nzima," Apolinari alipenda kusema. "Lakini wewe una vipande vyote mfukoni. Unakumbushwa nini tena?"

"Hata padri hugusia ya Jumapili iliyopita," Bibi Générose alimjibu siku moja, "na Biblia tunayo nyumbani."

Didace, mwanawe, hakucheka. Yeye alishaanza kumwangalia mama yake kwa jicho la wasiwasi. Kila usiku anarudisha, kila usiku anauliza huyu ni nani, yule kafanya nini. Wiki hii alimwambia Apolinari akate zote. Mama akiweza kufuata hadithi bila kukumbushwa, yuko sawa. Akishindwa, Jumamosi anampeleka Sibwesa kwa kaka mkubwa, Silvesta, akapumzike.

"Mtu anayesahau ya jana simwachii mtoto na jiko la mkaa," alimwambia mkewe. "Na wewe, Mama Séverine, usidhani sikuoni unavyochoka. Siku nikikukuta umelala, mtoto yuko macho, masomo basi. Sitarudia."

Hakusema kwa ubaya. Mwaka jana mtoto wa jirani aliungua, na Didace ndiye aliyembeba kwa bodaboda yake mpaka hospitali. Tangu siku ile, jiko likiwashwa, yeye hatulii.

Emelyne alijaribu kumtetea mkwewe. Bila Bibi Générose, nani angekaa na binti yao Séverine saa za darasa? Na mtihani wa kidato cha nne ulikuwa umekaribia, ule aliouacha njiani ujanani. Tena ni bibi huyu huyu aliyempeleka kujiandikisha, kamshika mkono njia nzima kama anapeleka mtoto chekechea.

"Hata mimi ilipoishia inanisaidia," alimwambia mumewe. "Vipande vya siku hizi vifupi. Ukipepesa macho, kimeisha."

"Unamfichia tu," Didace alimjibu.

Sasa bwana harusi alikuwa anatokea tena mlango wa kanisa.

"Emelyne," Bibi Générose akaita taratibu, "huyu ni mtoto wa nani?"

Emelyne akamtazama bwana harusi. Hakujua. Kilichomuuma ni sauti ya mkwewe, ya upole, kama ya mwanafunzi asiyetaka kumsumbua mwalimu. Mama wa watu anatupotea hivi hivi, akawaza.

"Sijui, mama. Labda watatuambia mbele."

"Basi turudi nyuma kidogo."

Tik. Tik. Emelyne akafumba macho asije akalia mbele ya mtoto.

Mkono ukamgusa begani. Nje, pikipiki ya Didace ikazimwa. Emelyne akakaa vizuri, akatoa kitenge cha mkwewe kilichokuwa kimemfunika mabega. Hakukumbuka kukiomba.

Didace aliingia, helmeti mkononi, akawasha taa. Akaangalia televisheni kwa muda.

"Hiki si cha jana?"

"Ni cha jana," mama yake akasema.

"Umerudisha tena."

"Nimerudisha."

Didace akaweka helmeti chini, akachuchumaa mbele ya mama yake, akaichukua rimoti polepole kama mtu anayemwondolea mtoto kisu. Akaizima televisheni.

"Mama, usione nakuchokoza. Niambie tu, jana huyu bwana harusi alifanya nini?"

Bibi Générose akamtazama mwanawe. Akamtazama Emelyne, kope zake zilizovimba, mkoba wa madaftari ambao hata begani haujatoka. Kisha akaangalia mikono yake mwenyewe.

"Nimesahau, mwanangu."

Didace akavuta pumzi ndefu. Akainuka, akatoa simu mfukoni. "Ngoja nimpigie Silvesta," akasema, na sauti yake nayo ilikuwa imechoka.

Emelyne akaukumbatia mkoba wa madaftari. Kichwani aliona darasa lenye dawati moja tupu, akaona na kitanda cha bibi kimekunjwa godoro. Simu ikaanza kuita. Bibi Générose akampapasa goti mkwewe, kama vile yeye Emelyne ndiye anayesafirishwa.

Pale mkekani, Séverine, ambaye baba yake alidhani amelala, akainua kichwa.

"Baba, bibi anarudishaga pale mama aliposinzia."