Mkono wa Kushoto wa Bibi

Kidole gumba cha Lukia kilikuwa tayari kimepakwa wino wa kutia sahihi kwenye karatasi ya idhini.

"Bibi akitutoka, dada, tunaomba ubongo tu," alisema daktari wa utafiti. "Fuvu mtabaki nalo. Huenda tukajua kwa nini mishipa ya damu hupasuka kichwani kwa watu wa ukoo wenu."

Lukia akayawaza mafuvu ya wazee wao, yaliyopangwa pangoni kule juu milimani. Bibi angekaaje kati yao na kichwa kitupu?

"Hapana, daktari. Wazee watamkataa."

Kitandani, mkono wa kushoto wa bibi, uliokufa kwa kiharusi tangu Pasaka, ukasogea. Vidole vilivyopindishwa na kilimo cha tangawizi vikamkamata Lukia, vikakikandamiza kidole chake kwenye karatasi.