Bata Muonja Chumvi

Alikuwepo Bata mnene. Mganga alimwonya ale mchicha na kunde, tena kidogo, la sivyo moyo ungemzimika kama wa kaka yake waliyemzika majuzi. Akakubali. Lakini kila mchana alipita kwa majirani, akichomeka mdomo katika sufuria zao za nazi.

“Baba Zuhuni, unakula!” mkewe akafoka.

“Naonja chumvi tu. Kuonja hakuvunji saumu.”

“Mwenye saumu huonja akatema. Wewe umetema wapi?”

“Niiteme neema ya Mungu?”

Mke akachoka kusema. Akawaendea majirani, akawasihi. Kesho yake Bata akafunua sufuria ya Kanga, ya Njiwa, ya Kware: zote mchicha wa chukuchuku. Akarudi amenuna.

“Majirani wameharibika! Nipakulie mchicha wako, mke wangu. Walau una ndimu.”

Mkewe akapakua, tena kidogo.