Sifuri ya Mwalimu Rohayu

“Mtu akikusubirisha, damu inakuchemka? Kamwe, mara chache, mara nyingi, au daima?” Mwalimu Rohayu alisoma, kalamu mkononi.

“Kamwe,” alijibu kijana. Alikuwa amekaa sebuleni nusu saa bila kusemeshwa.

Miaka thelathini Rohayu alikuwa mshauri wa wanafunzi pale mjini Ipoh. Alistaafu na vitu viwili: fomu ya maswali arobaini ya kupima hasira, na binti yake, Syazana, aliyefika miaka thelathini na minne bila mume. Wachumba wanne walishakalia kiti alichokalia kijana huyu. Wote walishindwa, mmoja aliichana karatasi. Rohayu hakujuta. Yeye aliishi na mume wa kurusha sahani ukutani, na aliapa mwanawe hatayaona hayo.

“Karibu chai, Hazim.”

Alikuwa ametia chumvi makusudi. Kijana akapiga funda, uso ukamsinyaa kidogo.

“Asante, Mwalimu. Samahani, haya maswali ni lazima? Kwingine huwa napokewa moja kwa moja.”

“Kwingine?” Rohayu alimkazia macho. “Kwani umepita nyumba ngapi?”

“Wiki hii? Sita.”

Kalamu ilimponyoka. Akainama kuiokota, akajituliza. Angalau ni mkweli, alijiambia.

“Ukitukanwa bila kosa?”

“Kamwe. Nanyamaza tu, mtu anachoka mwenyewe.”

“Ukiitwa kwa jina lisilo lako?”

Kijana akacheka. “Kamwe. Nishazoea.”

Walipomaliza, Rohayu alijumlisha alama. Akajumlisha tena. Sifuri. Miaka yote ile hakuwahi kuona sifuri. Machozi yalimlengalenga, akavua miwani na kuipangusa kwa ncha ya mtandio.

“Zana!” aliita. “Njoo, mwanangu! Leo nimekupatia mume!”

Syazana alitoka nyuma ya nyumba, mikono imejaa povu hadi viwikoni. Alimtazama mama yake, akamtazama kijana.

“Mama, Hazim kanipigia simu sasa hivi. Yuko kwenye foleni, anawatukana madereva wote wa Ipoh. Huyu ni fundi wa mashine ya kufulia.”

Fundi alisimama, akachukua mkoba wake wa vifaa.

“Keti kwanza,” Syazana alimwambia, akijifuta povu kwenye sketi. Akavuta kiti, akakaa mbele yake. “Kaka, umeoa?”